Je, Wajua? Haki za binadamu, msalaba na visiwa vya Lamu

JE, WAJUA kwamba mfalme wa Lamu aliwahi kukatwa kichwa mbele ya kadamnasi na watu wenye msalaba kwenye matanga ya merikebu zao? Ilikuwa 1589, na hukumu ilitekelezwa Pate. Kosa lake, kwa hesabu ya Wareno, lilikuwa kumtia kapteni wao Roque de Brito mikononi mwa Mir Ali Bey, Mturuki aliyezunguka pwani hii akiwachochea wenyeji waasi.

JE, WAJUA kwamba miaka miwili kabla ya hapo, 1587, Faza ilifanyiwa unyama mkubwa zaidi? Kikosi kilichotumwa kutoka Goa kiliua kila mtu kiliyemkuta mjini, wanawake na watoto wakiwemo, kikachoma mji, kisha kikaingia mashambani kukata minazi. Masimulizi ya zama zile yanataja minazi 10,000. Hapo kwenye minazi mimi husimama kidogo. Mnazi wetu wa pwani huchukua miaka sita, saba hivi kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo aliyeshika shoka alikuwa anawaadhibu hata watoto ambao hawajazaliwa. Na dini aliyojivunia ilikwisha kumkanya: Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda ya mji uliouzingira. Hakukuhitajika Umoja wa Mataifa kuligundua kosa hilo.

JE, WAJUA kwamba Wareno hao walikuwa na kibali cha maandishi? Mwaka 1455 Papa Nicholas V alitoa waraka uitwao Romanus Pontifex. Waraka huo ulimruhusu mfalme wa Ureno kuzivamia nchi za Waislamu na wapagani, kutwaa mali zao na kuwatia watu wake utumwani daima. Vatican ilitangaza rasmi kuyakataa mafundisho yaliyotolewa katika nyaraka za namna hiyo tarehe 30 Machi 2023. Piga hesabu: miaka 568.

Na wajua kwamba zaidi ya miaka 1,000 kabla ya waraka huo, Askofu Gregori wa Nisa, katika nchi iitwayo Uturuki leo, alikwisha kuhubiri kwamba binadamu hana bei? Hoja yake ilikuwa fupi: aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, nani atakayetaja thamani yake sokoni, na nani atakayeandika hati ya mauzo? Hoja ya haki ilikuwemo kanisani tangu karne ya 4. Tatizo halikuwa uhaba wa hoja.

JE, WAJUA kwamba juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna jiwe la maandishi linaloutaja mwaka 1635, ambapo kapteni wa ngome anajisifu jinsi alivyoziadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta zao? Watalii hupita chini yake kila siku.

JE, WAJUA kwamba sura za kwanza za Mwanzo kuandikwa kwa Kiswahili, zile zinazosema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, zilitafsiriwa kwa msaada wa kadhi? Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa 1844, na mwaka huohuo akaanza kazi hiyo akisaidiwa na Sheikh Ali, mwenye asili ya Barawa, aliyekuwa kadhi wa mji. Kwa hiyo aya ambayo Wakristo wa pwani huishika kama msingi wa utu wa kila mtu iliingia katika lugha yetu kupitia mikono miwili, mmoja wa Mlutheri na mmoja wa Mwislamu. Sijui kwa nini habari hii haifundishwi madrasa wala katekisimu.

JE, WAJUA kwamba katika karne ya 19 mtumwa aliyetoroka mashamba ya bara ya Lamu alikuwa na mahali pa kukimbilia? Palikuwa Witu. Ahmad bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliofukuzwa Pate, aliwapokea watoro na kuwapa mahali pa kukaa. Alihitaji watu na bunduki, na wao walihitaji ngome. Tusiipake Witu rangi za peponi, kwa kuwa watoro haohao walikuja kuvisumbua vijiji vya jirani kwa uvamizi. Ila mabwana wa Lamu walikosa usingizi kwa ajili yake.

Kwa upande wa kusini watoro walikimbilia misheni, na hapo ndipo Wakristo walipotahiniwa. Bwana anafika mlangoni na mashahidi wake, anadai mtu wake. Sheria ya nchi iko upande wake. Wakubwa wa misheni kule London wanataka amani na Sultani wa Zanzibar, na wanaonya watoro wasipokelewe. Ufanyeje? Mmoja atakufungulia Waraka kwa Filemoni akuoneshe kwamba Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Mwingine atakufungulia Kumbukumbu la Torati 23:15, inayokataza kumrudisha mtumwa aliyekimbilia kwako. Na asomaye Filemoni hadi mwisho ataona Paulo anataka mtoro apokewe kama ndugu, si kama mali iliyopatikana. Mistari yote hiyo imo katika kitabu kimoja, na bado watu waliachana njia.

Katika misheni ya Rabai aliyekuwa na jibu ni William Jones. Wajua alikuwa nani? Alikuwa Myao aliyetiwa utumwani utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa Bombay. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, na mwaka huohuo wakasafiri pamoja kwenda Buganda. Hannington aliuawa Busoga. Jones akaurudisha msafara pwani nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Kiebrania, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mtu wa namna hiyo hukumwendea na hoja kwamba mtoro arudishwe kwa utaratibu. Watoro waliendelea kupata hifadhi Rabai, na idadi yao ikapanda mpaka ikawa mgogoro wa kiserikali.

Mgogoro ulimalizwa kwa fedha. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA kuwalipa mabwana. Sehemu ya fedha zilitoka kwa Wakristo wa Uingereza. Walioachwa huru walishangilia, na nani asiyeshangilia? Ila Gregori wa Nisa angeuliza ilikuwaje bei ikapatikana.

JE, WAJUA kwamba naibu balozi wa Uingereza mjini Lamu katikati ya miaka ya 1880 alikuwa Jack Haggard, nduguye mwandishi wa riwaya H. Rider Haggard? Ndiyo maana riwaya ya Allan Quatermain ya 1887 inapita Lamu na kufika kwenye misheni ya Mto Tana inayovamiwa na Wamaasai. Kabla haijatoka, mwaka 1886, wamishonari wa Kimethodisti John na Annie Houghton waliuawa na wavamizi wa Kimaasai kwelikweli, Golbanti, kwenye mto huohuo. Mwandishi alilazimika kuongeza maelezo kwamba alitunga kabla ya tukio.

JE, WAJUA kwamba Freretown, kijiji cha watumwa huru kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana karibu na Mombasa miaka ya 1870, nacho kilikuwa na kiboko chake? Msimamizi wake, J. R. Streeter, aliwachapa na kuwafungia watu waliodhani wameachana na kiboko. Mashtaka yakafika Uingereza, uchunguzi ukafanywa 1881, naye akaondolewa. Kengele ya kijiji bado ipo, na mtaa unaitwa Kengeleni hadi leo.

Na hili: sheria ya 1907 iliyofuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya iliwalipa fidia mabwana. Watumwa hawakupata senti. Mashamba mengi ya bara ya Lamu yalirudi kuwa kichaka, na ardhi hiyohiyo tutakutana nayo tena hapa chini.

JE, WAJUA kwamba watu wa tabaka la chini mjini Lamu walifunguliwa mlango wa elimu na sharifu mwenye asili ya Ngazija? Habib Swaleh aliwafundisha wale ambao waungwana hawakuwataka darasani, na Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu. Namtaja katika safu ya Kikristo makusudi. Utu wa mtu una mawakili katika nyumba zaidi ya moja.

JE, WAJUA kwamba maaskofu waliwahi kugawanyika kuhusu kazi ya kulazimishwa? Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wa Kenya wawasukume Waafrika wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika juu ya namna ya kulazimisha, wakaomba iwekewe sheria na mipaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikataa hapohapo kwenye mzizi. Aliandika kijitabu 1920 akisema kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mtu binafsi kwa faida yake ni uovu, na uovu haupunguzwi kwa kuandikiwa kanuni. London ilirudi nyuma 1921. Katika visa vyote vilivyomo humu, huyu ndiye askofu ninayemvulia kofia.

JE, WAJUA kwamba serikali ya kikoloni iliifanya Lamu kuwa mahali pa kuwatupa wasumbufu?

Mwaka 1938 Wakamba walipoandamana hadi Nairobi kupinga kuuzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu, kiongozi wao Samuel Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki huko Bukusu na aliyewahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, naye akaletwa Lamu muongo uliofuata. Ngome ya Lamu, ile iliyo mbele ya uwanja wa Mkunguni ambapo wazee hukaa kivulini na punda hupita na magunia, ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984. Leo ni jumba la makumbusho.

JE, WAJUA Manda ilikuwa nini kabla ya kuwa uwanja wa ndege na hoteli za ufukweni? Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali iliweka kambi za mahabusu katika kisiwa hicho, moja ikiwa Takwa, jirani na magofu ya mji uliohamwa yapata 1700. Wengi waliopelekwa huko walihesabiwa kuwa vichwa vya siasa. Achieng Oneko, aliyesoma Maseno, shule ya wamishonari wa Kianglikana, alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Aliposhinda rufaa 1954 hakwenda nyumbani, maana walimtia kizuizini bila kesi, na Manda ikawa moja ya vituo vyake. Mwandishi Gakaara wa Wanjau naye alipitia Takwa, na shajara yake ya kizuizini ilipata Tuzo ya Noma 1984.

Tafakari mahali penyewe. Pale Takwa kuna msikiti mkuu wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la mnara la karne ya 17, ambako watu wa Shela huvuka maji kwenda kuomba mvua. Palepale, miaka ya 1950, dola lililojiita la Kikristo liliwafungia watu ambao hakuna hakimu aliyewahukumu, na likawaahidi nafuu wakiungama kiapo cha Mau Mau. Katika kambi nyingine, kama Athi River, mahubiri yaligeuzwa kuwa chombo cha kuwalainisha. Mimi naona ungamo linalotolewa kwa kubadilishana na ufunguo wa lango halina tofauti na hongo, na makasisi waliolipokea walipaswa kulijua hilo kuliko yeyote.

Wengine walilijua. Kasisi T. F. C. Bewes wa misheni ya Kianglikana alizuru Kenya mapema 1953 na kumpelekea Gavana Baring habari za mateso. Eileen Fletcher, Mkwekeri aliyeajiriwa na serikali kuwarekebisha wanawake kambini, aliacha kazi, na mwaka 1956 akautangazia umma wa Uingereza kwamba Kamiti kulikuwa na wasichana wa miaka 11 wakitumikia vifungo. Walimwita mwongo. Tarehe 3 Machi 1959, Hola, ng'ambo ya Tana, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walidhurika kwa maji ya kunywa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa manusura 5,228 wa mateso hayo jumla ya pauni milioni 19.9.

JE, WAJUA kwamba haki za binadamu zilifika Lamu kwa karatasi katikati ya mambo hayo? Uingereza iliutandaza Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mpaka kwenye makoloni yake, Kenya ikiwemo, Oktoba 1953. Mei 1954 ikatangaza kwamba Kenya sehemu ya mkataba huo isimame kwanza. Miezi saba.

JE, WAJUA kwamba mmoja wa waandishi wakuu wa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 alikuwa Mwarabu Mkristo? Charles Malik wa Lebanoni, Mwothodoksi, alisimama kidete juu ya uhuru wa mtu kubadili dini. Saudi Arabia ilijizuia kupiga kura, na Afrika Kusini ya makaburu, iliyojaa makanisa, nayo ikajizuia. Zafarullah Khan wa Pakistani akaunga mkono. Kura zilikuwa 48 za ndiyo, sifuri za hapana, na 8 za kujizuia. Mtu akikwambia haki hizi ni mali ya dini fulani, msomee orodha hiyo.

Na aliyesaidia kuandika rasimu ya haki katika Katiba ya uhuru ya Kenya? Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake, aliitwa na Tom Mboya kwenye mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House 1960. Kilichomshughulisha sana ni ulinzi wa walio wachache, hasa Wahindi wasinyang'anywe mali.

JE, WAJUA kwamba makanisa ya Kenya yalipiga kampeni dhidi ya Katiba yenye haki nyingi kuliko zote tulizowahi kuandika? Mwaka 2010 maaskofu Wakatoliki na Baraza la Makanisa, NCCK, waliomba waumini wapige kura ya HAPANA. Sababu zilikuwa mbili: kifungu kinachogusa utoaji mimba, na Mahakama za Kadhi. Juu ya la kwanza walikuwa na hoja ya dhamiri, na dhamiri haipigiwi kura. Juu ya la pili, mimi naona walikosea. Mahakama za Kadhi zilikuwa ahadi. Oktoba 1963, ili ukanda wa pwani, Lamu ikiwemo, uunganishwe na Kenya bila vita, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte walitia saini kwamba zitalindwa. Kifungu cha 170 kinaziwekea mpaka: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Mkristo wa Mpeketoni haburutwi mbele ya kadhi. Lile agizo la Mathayo 7:12, la kumtendea mwenzako unavyotaka kutendewa, lilihitaji kusomwa mwaka ule katika parokia ambazo Waislamu ni wachache. Katiba ilipita kwa takribani asilimia 67.

JE, WAJUA Katiba hiyohiyo inasema haki zako zimetoka wapi? Kifungu cha 19 kinasema ni za kila mtu na hazitolewi na serikali. Mwanatheolojia hangelisema vizuri zaidi.

JE, WAJUA kwamba wavuvi wa Lamu waliishinda serikali mahakamani? Bandari mpya ilipoanza kujengwa upande wa Manda, mikoko ilikatwa, mkondo ukachimbwa, tope likafunika sehemu za mazalia ya samaki. Wavuvi wenye mashua ndogo, wasioweza kukifuata kina kirefu nje ya miamba, waliambiwa bandari ni ya taifa. Kesi ilifunguliwa 2012. Tarehe 30 Aprili 2018, jopo la majaji wa Mahakama Kuu huko Malindi lilisema haki za watu wa Lamu za kushirikishwa, kupewa habari, kuwa na mazingira safi na kulindiwa utamaduni wao zilivunjwa, likaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Baadaye fidia ikazungumzwa upya, sehemu iwe fedha taslimu na sehemu vifaa.

Kesi hii inanirudisha kwa Nabothi, 1 Wafalme 21. Watu hukumbuka kwamba Mfalme Ahabu alitwaa shamba la mizabibu. Husahau kwamba kwanza aliahidi kulipa, tena vizuri: shamba bora zaidi au fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake, na kukataa kwake kulikuwa halali. Fidia huja baada ya ridhaa. Ikitangulia kabla mtu hajaulizwa, ni bei ya mnada ambao mwenye mali hakuuitisha.

JE, WAJUA kwamba kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi, na leseni yake ikafutwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira tarehe 26 Juni 2019? Waliokuwa mbele ni Save Lamu, muungano wa makundi ya wenyeji, wengi wao Waislamu. Hoja yao, kwamba maskini ndiye anayevuta moshi wa tajiri, imo pia katika waraka wa Papa Fransisko wa 2015, Laudato Si'. Hawakuhitaji kuusoma.

JE, WAJUA ni kwa nini neno ardhi huchemsha damu Lamu? Ile bara iliyobaki kichaka baada ya 1907 ilipata pigo tena wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, Wabajuni wa vijiji vya bara walipokimbilia visiwani. Miaka ya 1970 serikali ilianzisha skimu ya Lake Kenyatta, Mpeketoni, na kuwakatia vipande familia zisizo na ardhi, wengi Wakristo kutoka bara ya kati. Mkulima aliyepewa ekari zake hakuiba kitu. Mbajuni aliyekimbia risasi naye hakuuza kitu. Kisha Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru hati za ekari 500,000 zilizogawiwa kampuni 22 katika kaunti zifutwe. Hizo ekari, wakulima na Wabajuni wote wawili hawakuwa wamezionja.

Amri ile ilikuja juu ya makaburi mabichi. Usiku wa 15 Juni 2014, watu wakiwa wanatazama Kombe la Dunia, washambuliaji waliingia Mpeketoni. Wanaume waliulizwa dini yao, na jibu likawa hukumu. Zaidi ya 60 waliuawa katika siku mbili, na al-Shabaab wakadai ni kazi yao. Papa Fransisko alipozungumza na viongozi wa dini Nairobi, Novemba 2015, aliyataja mauaji ya Westgate, akayataja ya Garissa, akayataja ya Mandera. Ya Mpeketoni hayakutajwa. Lamu imezoea.

Kilichofuata kilikuwa kafyu ya usiku katika kaunti nzima, juu ya marufuku ya kuvua usiku iliyokuwepo tangu watalii walipotekwa 2011 Kiwayu na Manda. Usiku ndio wakati wa samaki wengi. Mvuvi wa Kizingitini, Mwislamu, ambaye hajawahi kushika bunduki, alilipishwa deni la muuaji. Ezekieli 18 inakataa hesabu hiyo: kila mtu na dhambi yake. Mkristo aliyelia juu ya Mpeketoni na akanyamaza juu ya mvuvi huyo alisoma nusu ya kitabu.

JE, WAJUA kwamba Desemba 2015, karibu na Mandera, abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo basi lao liliposimamishwa na wauaji? Wanawake walivua hijabu zao wakawafunika wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Filamu ya kisa hicho, Watu Wote, iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar.

JE, WAJUA kwamba uhuru wa kuabudu una ukingo? Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu, watoto wengi wakiwemo. Kifungu cha 32 humlinda anayefunga kwa hiari. Hakimlindi anayemnyima mtoto uji. Shakahola iko katika jimbo Katoliki la Malindi, lilelile linalohudumia Lamu, na askofu wake, Willybard Lagho, aliwahi kuliongoza Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani, ambamo mashehe na mapadri hukaa meza moja. Baraza kama hilo huitwa moto ukishawaka. Ningependa kuliona likiitwa mapema, serikali inapopanga bandari, kafyu na skimu.

La mwisho ni la siku zetu, si la karne ya 16. Kwa miaka mingi kijana Mbajuni wa Kiwayu au Ndau aliyetaka kitambulisho alisailiwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa athibitishe si Msomali wa ng'ambo, wakati mwenzake wa kaunti nyingine alichukua fomu na kuondoka. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza usaili huo wa kaunti za mpakani umefutwa. Kama kuna kijana katika mtaa au jumuiya yako bado anazungushwa, msaidieni kuandika barua ya kuomba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kujibiwa, awe anaswali Ijumaa au anasali Jumapili.